Kicheko cha Mama Mkubwa na Flashi Mbili

Jamani, kama hujawahi kumwona Mama Mkubwa akicheka, hujui kicheko ni nini. Kinaanzia kushoto. Pembe ya mdomo inapanda, jicho linafinyika, meno yote yanatoka nje kusalimia watu, na kabla hujakaa sawa ameshaziba uso kwa viganja viwili. Imeisha hiyo. Ukipepesa macho umekikosa.

Na hicho ndicho alichokitaka kwenye picha. Daktari hakumficha kitu: uvimbe ule chini ya sikio umekaa juu ya mshipa wa fahamu unaoendesha mdomo, na kesho wakiutoa, upande wa kushoto unaweza usinyanyuke tena. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akampigia simu mtoto wa mdogo wake wa kike, yule mpiga picha ambaye ukoo mzima unamwita Tochi.

"Njoo na yale madude yako ya mwanga," akasema. "Wakati wa kulazwa haujafika bado. Nataka moja tu nikicheka. Ya kuweka."

"Moja? Nitakupiga hamsini, Mama Mkubwa! Utatoka kama malkia!"

Tochi alifika akihema, mkoba begani, mwavuli mweupe kwapani. Chumba cha kushonea kilikuwa na giza, maana dirisha lilishamezwa na mabunda ya vitambaa tangu zamani. Hilo halikumtisha hata kidogo. Giza ndilo linalompa nafasi ya kupanga mwanga wake mwenyewe. Akatundika bitana nyeusi ukutani. Flashi ya kwanza, ndogo tu ya kutosha mkononi, akaifunga kwenye meza ya kupigia pasi aliyoisimamisha wima, na mbele yake akafungua mwavuli ili mwanga uwe laini. Ya pili akaificha nyuma, kwenye rafu ya nyuzi, imchoree Mama Mkubwa mstari wa mwanga begani na kwenye kitambaa cha kichwa.

Kulikuwa na kasoro moja. Kile kifaa cha redio kinachoziamuru flashi kutoka kwenye kamera kilikuwa kimekufa. Lakini flashi zake zina jicho: zinavizia, na zikiona flashi nyingine yoyote imewaka, nazo zinawaka papo hapo. Basi akategemea kile kiflashi cha kwenye kamera, akakipunguza kabisa kiwe cha kutoa ishara tu. Akajaribu. Pwaa! Mama Mkubwa akatokea kwenye kioo cha kamera, shavu limetulia, bega linang'aa, utadhani yuko kwenye jalada la gazeti.

"Huyu ni mimi?" akauliza Mama Mkubwa. "Mbona kanuna?"

"Ndiyo maana nimemwita Mjomba."

Mjomba ni fundi bomba, mdogo wa kiume wa Mama Mkubwa, na ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumchekesha. Akaingia na viatu vyake vyenye tope, na mfukoni akachomoa kamera yake ya zamani, ile ndogo, ambayo huwa anaihifadhi ndani ya soksi.

"Na mimi nitapiga yangu ya ukumbusho," akasema. "Ruksa, bosi?"

"Piga, Mjomba, piga tu!" Tochi akamjibu bila hata kugeuka. Alikuwa anahangaika na mwavuli.

Mjomba akasimama nyuma yake, akakohoa. "Dada, unaikumbuka suruali ya yule bwana harusi?"

"We, usianze."

"Zipu ukaiweka nyuma. Nyuma, Dada! Mtu akaenda kuoa anatembea kinyumenyume!"

Pembe ya mdomo ikapanda. Chumba kikajaa mwanga, Tochi naye akabonyeza. Akatazama kioo cha kamera. Giza. Vinukta viwili vya macho tu, basi.

"Imetoka?" akauliza Mama Mkubwa akiwa bado amejiziba.

"Betri hizi. Dakika moja tu, mama."

Akabadilisha betri zote, akajaribu. Pwaa! Picha safi kabisa, Mama Mkubwa kanuna vizuri. Haya, twende tena.

"Na yule mzee aliyekuja kupimwa kavuta tumbo ndani," akasema Mjomba. "Akaja kuvaa, akavuta pumzi, kifungo kikampata mke wake kwenye paji la uso!"

Kicheko kikaja, kikubwa kuliko cha kwanza. Mwanga. Bonyeza. Giza tena. Nje, teksi ya kumpeleka Mama Mkubwa hospitali ikapiga honi. Tochi akagusa waya, akapangusa vijicho vya flashi kwa ncha ya blauzi yake, akajaribu. Safi! Jamani, zinawaka kwa uso ulionuna, kwa kicheko zinagoma?

"Zinanichukia hizi," akasema Mama Mkubwa.

"Dada, na wewe una sura ya kuogopwa na umeme."

Hilo Mama Mkubwa hakulitegemea. Kicheko kikamtoka chenyewe, na safari hii Tochi aliona kwa macho yake: chumba kiliwaka, na kidole chake kilikuwa bado hakijabonyeza. Akageuka. Mjomba alikuwa na kile kikamera usoni, flashi yake inapepesa, inapepesa, ndipo ikapiga picha.

Kule kupepesa kwa kwanza tu ndiko kulikoziita flashi za Tochi, zikamwaga nguvu zote, na yeye alipobonyeza zilikuwa bado zinajijaza. Kila mara. Mjomba alikuwa anasubiri kicheko, sawasawa na yeye.

"Mjomba," akasema, "ni kamera yako inayoziwasha. Na mimi ndiye niliyekuruhusu."

"Mimi?" Mjomba akaishusha kamera kama ameshika kitu kilichovunjika. "Ni mimi niliyemharibia Dada?"

"Tuone za kwako basi!" akasema Tochi.

Wakaziangalia. Kamera ile huchelewa. Ikishamaliza kupepesa, kicheko kimeshaondoka. Viganja viwili. Viganja viwili. Kitambaa cha kichwa.

Mjomba akairudisha kwenye soksi. "Haya, sipigi tena. Dada, sikiliza... kulikuwa na yule... yule mama wa gauni la..." Mwanaume ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe alisimama anaangalia tope la viatu vyake.

"Sema, Mjomba, tafadhali. Lolote!"

"Nimesahau lilivyokwisha."

Mama Mkubwa akajitahidi. Alionyesha meno kama mtu aliyeambiwa afungue mdomo akaguliwe. Mkono ukapanda wenyewe ukagusa uvimbe. Flashi zilikuwa zimejaa, vitaa vyao vinang'aa, mwavuli umekaa sawa, kila kitu tayari. Tochi akapiga. Ikatoka safi, kila unywele, na macho yale ya woga. Akazima flashi, akamsogeza mlangoni penye mwanga wa nje, akapiga tena. Woga ule ule.

Honi ikalia, ndefu.

"Dereva atatuacha," akasema Mama Mkubwa. Akachukua begi lake, akamshika Tochi shavu. "Mwanangu, ila umepata moja? Hata moja?"

Tochi aliangalia uso ule, pande zote mbili. Angemwambia nini, na gari linanguruma?

"Nimepata."

"Usinionyeshe sasa. Nitaiangalia nikiamka."

Akapanda nyuma, Mjomba akambebea begi na kukaa pembeni yake. Tochi akakimbia mpaka kwenye dirisha la teksi, kamera mkononi, akilitafuta neno lolote la kuchekesha. Hakulipata hata moja. Teksi ikaondoka.