Fidla Nne na Sufuria la Chama

"Muziki wa Wazungu mimi nimeula nikaushiba," Bi Batuli aliwaambia kina mama wenzake wa Kivinje waliokuwa wakitandika mikeka ukumbini. "Miaka mitatu nimeusikia kila siku, nyumbani kwa daktari Mzungu." Kisha akaongeza, maana shoga yake Mwanaasha alikuwepo na Mwanaasha hasahau mambo: "Niliusikia kupitia ukutani. Nikifua. Na bomba lilikuwa wazi."

Hata hivyo hakuna mwingine aliyekuwa na hata huo ukuta, kwa hiyo akawekewa kiti cha mbele.

Kiti chenyewe hakukitaka. Siku hiyo angependa kukaa nyuma, karibu na mlango, mbali na Mwanaasha. Batuli ndiye mtunza vyombo wa chama chao, na cheo hicho si kidogo: pilau la harusi likiiva, mtunza vyombo ndiye wa kwanza kuonja, wala hakuna anayemuuliza ameonja sahani ngapi. Sasa Mwanaasha alikuwa anamwoza binti yake Ijumaa na alilitaka sufuria kubwa. Batuli alimjibu kwamba limeazimwa na wakwe zake wa Miteja, wana hitima. Ukweli ni kwamba sufuria lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake. Alilikaangia korosho, mafuta ya maganda yakashika moto, na chini pakabaki tundu la kupita ngumi. Likijulikana hilo, funguo za vyombo anapewa mwingine, na Batuli atakula pilau kwa foleni kama watu wa kawaida.

Wapigaji walikuwa wanne, wametoka Dar. Fidla watu wa Kivinje wanaijua, ipo kwenye taarabu. Ila hizi zilikuwa nne, kubwa kwa ndogo, na kubwa kuliko zote ilibanwa katikati ya magoti na msichana aitwaye Grace. Ndiye aliyezungumza.

"Shikamooni. Muziki huu hauna maneno."

"Marahaba," Bi Siti aliitikia kutoka nyuma. "Mwimbaji anaumwa?"

"Hapana, bibi, umetungwa hivyohivyo. Fidla moja itasema jambo. Ya pili italidaka, ilirudie. Halafu ya tatu, halafu mimi. Mkilifuata jambo lile linavyozunguka, mmeshauelewa."

"Na anasemwa nani?"

Grace alisema hasemwi mtu. Ukumbi ukamtazama kwa huruma. Wimbo usiomsema mtu, aliyeutunga alikosa kazi?

Wakaanza. Fidla ya kwanza ikasema neno fupi, peke yake, kama mtu anayechungulia dirishani. Batuli alikuwa amejiandaa kutikisa kichwa tu, kwa heshima ya kiti. Lakini ya pili ikalidaka neno lilelile, juu kidogo, na ile ya kwanza haikunyamaza, ilikwishaanza kutia chumvi. Ya tatu ikaingia. Hapo Batuli akaacha kutikisa kichwa. Mambo haya aliyajua. Hivi ndivyo habari inavyotoka kisimani: wa kwanza anamwambia wa pili, wa pili hajamaliza wa tatu ameshapokea, na ikifika sokoni neno ni lilelile ila limebadili nguo. Ilipofika zamu ya Grace, fidla kubwa ikalitamka taratibu, kwa sauti nzito, chini kabisa. Uvunguni.

Miaka mitatu Batuli alidhani kule nyuma ya ukuta wanapiga kelele tu. Kumbe walikuwa wanazungumza, tena vizuri. Angefurahi sana, kama yasingekuwa yanamhusu.

Ndipo Mwanaasha akainuka.

Kwenye taarabu mtu hatunzi bure. Wimbo ukikusemea dhidi ya mtu, unanyanyuka, unakwenda kwa madaha na noti yako mkononi, na ukumbi mzima unaangaza macho kumtafuta aliyechomwa. Mwanaasha alikwenda kwa madaha yote aliyokuwa nayo. Akamchomekea Grace noti kwenye nywele. Grace alikodoa macho lakini mkono haukusimama. Wakati wa kurudi, Mwanaasha akapita mbele ya Batuli, akatabasamu.

Fidla zote nne zikalisema jambo lile kwa pamoja, kisha zikanyamaza. Watu wakapiga makofi.

"Bibi wa kiti cha mbele," Grace alisema, "tumeambiwa wewe ndiye mjuzi. Umeelewaje?"

Batuli akasimama. "Nimeelewa yote. Mmepiga vizuri, sina la kupinga. Ila haukuwa uzembe. Ni moto tu ulizidi."

"Moto upi, bibi?"

Batuli akamgeukia Mwanaasha. "Nawe kama ulijua, ungeniita pembeni. Siyo kunitunzia mbele za watu."

"Mimi nimemtunza mtoto wa watu kwa kuwa anatoka jasho," alisema Mwanaasha. "Nilijua nini, shoga?"

Ukumbi mzima ukamgeuzia Batuli macho.

"Kwamba sufuria limetoboka," alisema Batuli. Kisha, upesi: "Hukohuko Miteja. Wakwe zangu ndio wamelitoboa."

"Nani kakwambia?"

"Nimeliona kwa macho yangu. Nilikwenda."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi," alisema Mwanaasha, "tulikuwa barazani kwangu, mimi na wewe, tunachambua mchele."