Sifa za Babu Zilizokatwa Katikati

Tangu wimbo wa yule mzungu uanze kupigwa redioni, Bibi Azaratu wa Savelugu hakuwahi kumaliza bakuli la uji likiwa bado la moto.

Kila ulipoanza, aliinuka. Ndani ya wimbo ule mlikuwa na ngoma ya kwapani, ile inayosema maneno kama mtu, na ngoma ile ilikuwa ikiita sifa za babu yake Mbalba. Kwa Wadagomba wa kaskazini mwa Ghana, ukisikia babu yako anaitwa, unasimama na kucheza mpaka mpigaji amalize. Ukikaa kabla, umemkana.

Kuinuka hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kukaa. Mzungu alichukua kipande kidogo tu: "Mjukuu wa Mbalba, Mbalba aliyevuka..." kisha ngoma inarudi mwanzo. Alivuka nini? Haisemi. Babu anaitwa mlangoni mara arobaini, na mara arobaini haambiwi alichoitiwa. Wimbo ukiisha, Azaratu anabaki kasimama, mguu mmoja mbele, hajui kama ana ruhusa ya kukaa.

Katari, muuza simu wa sokoni, akimwona anapita na kikapu, huongeza sauti.

"Katari, Mungu anakuona."

"Bibi, mimi nafungulia redio tu. Anayekuita ni babu yako."

Magoti yalipovimba, Azaratu alikwenda kwa Neindow mpiga ngoma, maana mikono iliyosikika redioni ilikuwa yake.

"Ulimwita babu yangu ukamwacha njiani."

"Shangazi, mimi nilimaliza. Ilikuwa arusi ya Lariba, ulicheza mwenyewe mpaka kilemba kikadondoka. Aliyekata ni yule mgeni mwenye kinasa sauti. Hata jina langu hakuuliza."

"Sasa nikifa nimesimama, mtanizika vipi?"

"Tutachimba kaburi la wima."

Mwezi uliofuata mzungu mwenyewe, jina lake Kester, akaja Savelugu kupiga picha za video ya wimbo wake. Azaratu akavaa kitenge chake kizuri, akampitia Neindow. "Beba ngoma. Usiiguse mpaka nikuambie."

Uwanjani walipangwa wasichana kumi kutoka mjini, wamevalishwa vitambaa vya madoa ya chui. Spika zikalia. Azaratu akaingia katikati yao, akacheza. Kester alifurahi, akamwinulia dole gumba. Wimbo ukaisha, wasichana wakatoka. Azaratu akabaki mbele ya kamera, kasimama.

Wakarudia. Akacheza tena, akabaki tena. Mara ya nne wasichana walikuwa wamekaa chini wanakanda miguu, na mpiga picha analalamika kwamba jua linaondoka. Ikabidi aitwe Wunpini, mjukuu wa Azaratu, anayejua Kiingereza.

"Bibi, anauliza utatoka saa ngapi."

"Akimaliza."

"Amalize nini?"

"Aseme alichomwitia babu yangu."

Kester alipekua mashine yake. Alichokuwa nacho ni kipande cha sekunde nne tu. Alikinunua kwa mtu anayeuza sauti, akasema, na kilikuja hivyo hivyo.

"Kwa hiyo babu yangu aliuzwa kichwa, kiwiliwili kikabaki dukani?"

Watu wakacheka. Kester akataka kujua amesemaje.

"Anakusalimia," Wunpini alimwambia.

"Muulize ni nani anayeweza kumaliza," Kester akasema.

Azaratu aligeuza shingo tu. "Neindow."

Neindow akapiga. Mbalba akavuka mto. Alivuka na wake saba, upinde mmoja na mbuzi kipofu. Alivuka tena kurudi, kwa kuwa alimsahau mama mkwe. Wakaja watoto wake, na watoto wa watoto wake, kila mmoja na vita vyake. Ukoo mzima uwanjani ulikuwa umesimama, na Kester, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku, akaona haya, akasimama naye. Zilipita dakika ishirini na sita. Ngoma iliponyamaza, Azaratu aliketi juu ya spika kwa uzito wake wote.

Kester akauliza kama sasa anaruhusiwa kuitumia.

"Atumie," Azaratu alisema. "Yote."

Wimbo wake ulikuwa wa dakika tatu. Kester alicheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hakumpata.

"Au?"

"Au amtoe babu yangu humo."

Kester akatoa simu. Akapiga kwao, na Wunpini akawatafsiria watu wote kwa sauti.

"Anasema ngoma iondolewe. Anasema ndiyo, yote. Anasema hapana, haumwi. Anasema kuna bibi hapa."

Azaratu alinyoosha miguu yote miwili, taratibu.

"Akikata simu, muulize na babu yake aliitwa nani," alisema. "Neindow bado ana nguvu."