Kichwa cha Mwaridi

Mkasi ulikuwa mkononi mwa kinyozi, na kichwa cha mwaridi wa mama mkwe wake kilikuwa sakafuni. Hakukusudia. Miaka kumi na minane ya kunyoa ilikuwa imemharibu: chochote kilichowazidi wenzake urefu kilimwasha vidole.

"Mama alikuachia mti," alisema mkewe mlangoni, "hakukuachia mteja."

Mama alikuwa kwa binti yake mdogo aliyejifungua. Angerudi baada ya miezi miwili. Mwaridi ule aliulea miaka mitatu kama yai, nao ukamlipa kwa kurefuka tu, shina moja jembamba mpaka juu ya dirisha, bila ua hata la kusingiziwa. Tangu siku ya posa mama alimwita kinyozi "huyu wa nywele". Kukabidhiwa chungu kile cha mwaridi kulikuwa dalili ya kwanza kwamba huenda siku moja angekubaliwa.

Kinyozi akaifunga ncha iliyokatwa mahali pake kwa uzi mweusi. Siku ya tatu ikainama. Siku ya tano ikakauka.

Bwana shamba mstaafu, aliyekuja kunyolewa ndevu, alipoambiwa alicheka mpaka povu likamwingia puani. "Fundi, ncha ni kaka mkubwa mkali. Inateremsha dawa yake ndani ya shina, vijicho vya pembeni vya kuchipusha matawi vinalala usingizi wa pono. Umemwondoa kaka, ngoja uwaone wadogo."

Kinyozi akangoja, kila asubuhi akilikagua shina kama kisogo cha mteja mwenye makuu. Wiki ya pili, chini ya kidonda, kijicho kimoja kikavimba. Kikafuata kingine.

Mama aliporudi hakuvua hata viatu. Alihesabu matawi saba na maua mawili mekundu yaliyofunguka.

"Nani amekata?"

"Sema paka," mkewe alimnong'oneza.

Kinyozi akamgeukia mama. "Mimi, mama. Mkono ulinitoroka."

Mama aliuzunguka mti polepole, akapapasa kovu, akarudi nyuma hatua mbili, akafinya jicho.

"Upande huu," alisema, "umeacha parefu kidogo."

Asubuhi yake kinyozi alipofungua duka, alivikuta vyungu vitatu vimepangwa kwenye benchi la wateja nje ya mlango, kila kimoja na mti wake mrefu mwembamba. Mama alikuwa ameketi mwishoni, mkoba mapajani.

"Usiharakishe, mwanangu," alisema. "Tunasubiri zamu."

Kinyozi akakung'uta shuka la kunyolea, akamfunga wa kwanza shingoni.