Picha Moja na Tess

Siku ya dansi ya kumaliza shule, mjukuu wangu Janae alikuwa na kila kitu ila kimoja, na hicho hakikuuzwa dukani. Alitaka picha na Tess.

"Moja tu, Bibi," aliniambia asubuhi nikiwa nimemshikia kioo, msusi akimbana nywele. "Sisi wawili na magauni yetu. Agosti yeye anakwenda zake chuo huko Vermont, mimi naenda Atlanta. Baada ya hapo nani ajuaye."

Tess ni mtoto wa akina Hanlon, nyumba inayotazamana na yetu hapa Mtaa wa Larchwood, kando ya Cleveland. Yeye na Janae walikuwa chanda na pete tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Walimwagiana maji kwa mpira mmoja wa bustani kwenye nyasi zangu, walilala godoro moja, hata tetekuwanga waliugua pamoja. Tess aliniita Bibi bila kufundishwa na mtu. Kisha, walipofika darasa la sita, shule ikawagawa kwenye hesabu, Tess akapelekwa chumba cha juu, cha wanaoitwa wepesi, Janae chumba cha chini. Mimi mwenyewe shule niliishia hapo hapo la sita, huko Alabama, lakini nilizitazama alama zao zote mbili na sikuona cha kumpandisha huyu na kumshusha yule. Vyumba vya juu vimejaa Wazungu, vya chini vimejaa watoto wetu weusi. Na unayesoma naye ndiye utakayekula naye, unayekula naye ndiye utakayerudi naye nyumbani. Hawakugombana hata siku moja. Waliachana kama nywele zinavyopasuliwa njia kwa kitana, taratibu, bila kelele.

Sisi mtoto wa dansi tunamsindikiza kama bibi harusi. Binti yangu Rochelle, mama yake Janae, alitundika kitambaa cha dhahabu barazani na kutandaza zulia jekundu mpaka ukingo wa barabara. Jamaa walitoka Akron na Youngstown. Mwanangu Lamont alikuwa nje anakaanga kambare, unga wa mahindi umemfika hadi kwenye nyusi. Ng'ambo, kwa akina Hanlon, vijana waliokodiwa basi la kuwapeleka ukumbini walikuwa wamepangwa kwa picha kwenye mteremko wa nyasi, wafupi mbele, warefu nyuma, na wazazi wao wamesimama na bilauri za mvinyo na jibini lililokatwa vipande vidogo kama dadu.

Kila upande ulimpungia mwenzake mkono, kila upande ukabaki kwake. Wao hawaendi mahali wasipoalikwa. Sisi jirani hatumwaliki, harufu ya samaki ndiyo mwaliko. Basi miaka yote hiyo kila mtu alikuwa anangojea adabu ya mwenzake.

Janae akatoka na gauni lake la rangi ya kiini cha yai, akashika pindo, akaelekea barabarani.

"We, unaenda wapi?" rafiki yake Kiara akamuuliza. "Kwa watu wa jibini?"

"Nakuja sasa hivi."

"Mwache akajionee," akasema Bernadine, binti yangu mkubwa. "Mtoto alipopasuliwa kidole tumbo, huyo Tess alituma nini? Kikatuni cha moyo kwenye simu. Ng'ambo ya barabara, kikatuni!"

Mtaa wetu ni mwembamba. Nikiwa kwenye kiti changu nilisikia kila neno.

"Janae! Jamani, umependeza!" Mama Tess alimzungusha, akamshika mabega. "Na umekuja wakati mzuri, mpenzi. Hebu tupigie picha hii. Wazazi wote wanataka kuwemo, hatuna mtu wa kutupiga. Hawa wa basi letu kwanza, halafu tutaona."

Akamkabidhi simu. Baba mmoja naye akaleta yake, na mama mwingine yake. Janae alizishika zote kifuani kama mtu aliyebebeshwa vyombo, akapiga, akachutama na gauni lake akapiga tena. "Rudi nyuma kidogo, usitukate miguu," wakamwambia. Tess alikuwa katikati, amevaa kijani, anatabasamu. Walipomaliza, Mama Tess akachukua simu, akasema, "Asante, wewe malaika," akageuka kuwapachika wavulana maua kwenye makoti. Ile ya halafu haikufika.

Janae alirudi taratibu. Bernadine alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nikachukua fimbo yangu.

"Mama, usiende kuleta maneno," Rochelle akasema.

"Naenda kumwita mtoto. Sikusema naenda kumchapa mamake."

Nilivuka. "Tess, njoo mara moja kwetu, Janae anakungoja."

"Aa, Bi Verdell," mama yake akasema, "basi linakaribia kuondoka."

"Halitamwacha, mwanangu. Kaa, unywe mvinyo wako."

Tulipofika, kwetu kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Hata Lamont alikining'iniza kichujio juu ya mafuta, samaki wakichuruzika. Kiara na wenzake wakajitoa mbele ya kitambaa. "Sisi hatumo kwenye hii," Kiara akasema. Na Bernadine, kwa sauti ya kusikika: "Leo tumetembelewa. Mtafutieni mgeni kiti, asije akachafuka."

Wale wawili wakasimama bega kwa bega. Mimi nilikuwa karibu, nimemshikia Janae maua yake.

"Uliniona pale?" Janae akauliza polepole.

"Nilikuona."

"Na ulijua nimefuata nini."

"Nilijua."

"Ukatabasamu."

Shingo ya Tess ikawa nyekundu mpaka masikioni. "Mama alikuwa ameshapanga kila mtu. Sikutaka kuharibu."

"Haya," Janae akasema. "Basi tabasamu kama pale."

Tess alijaribu. Midomo ilimgomea. Rochelle akapiga, Janae wangu amenyooka, anatazama mbele, na Tess anatazama viatu vyake.

"Tupige nyingine," Rochelle akasema.

"Hiyo inatosha, Mama."

Basi la ng'ambo likapiga honi. "Tutaonana ukumbini?" Tess akauliza.

"Ukumbi ni mmoja."

Tess alisimama kidogo kama anayengoja kuongezewa neno, kisha akavuka. Mama yake alimpokea, akamrekebisha ukanda wa gauni begani. Wenzake Janae walikuwa tayari wamerudi mbele ya kitambaa, wanasukumana na kucheka.

"Janae, njoo bwana, tunaoza hapa!" Kiara akaita.

Nilimpa maua yake. "Umepata ulichotaka?"

"Picha nimepata, Bibi."

"Na mwenyewe?"

Alitazama ng'ambo. Tess alikuwa amekaa dirishani mwa basi, upande wetu.

"Barabara anaijua," akasema. "Mimi leo nimeshaivuka."

Akashika pindo la gauni lake, akaenda kwa wenzake.