Simu ya Kuwaona Wajukuu

Mulenda, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alikuwa na haja ya kumpendeza mtu mmoja tu hapa duniani, na mtu huyo hakuwa Gentille. Gentille alishampenda zamani, kwa sababu anazozijua Mungu peke yake. Aliyebaki ni mama yake, Mama Annuarite, mjane wa kutoka Fizi, Kongo, ambaye hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Na bila ndiyo yake hakuna uchumba.

Wajumbe wa Mulenda walipomuuliza apewe nini ili neno limtoke, hakutaja mbuzi wala vitenge.

"Mi nataka simu ya touche," alisema, "ile ya kuonesha bantu sura. Kijana wangu Vainqueur iko Australia, amezaa batoto babili, na sijabaona hata siku moja. Nabasikia tu banalia ndani ya simu ya jirani."

Baba yake mdogo, Gaspard, akazungusha kofia kwa ndugu, hela ikapatikana, na Mulenda akatumwa Lilongwe. Huko alizoea kwenda kununua nyuzi na zipu. Isitoshe, alijitapa kwamba kwa mambo ya simu hakuna wa kumfundisha. Simu yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na namba nane haikubali mpaka uibonyeze kwa msumari.

Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka la simu, mtaa wa Area 25. Muuzaji, kijana mcheshi, alimpima kwa macho kama yeye apimavyo wateja kwa utepe.

"Achimwene, kaka yangu, unachagua vitu viwili," akamwambia. "Simu, halafu laini. Laini hii bei yake rahisi, lakini kule kwenu mtu anapanda kichuguu na kunyoosha mkono juu kama anayepokea Roho. Hii nyingine inashika hata chini ya kitanda. Ukinunua kifurushi cha jioni, mnaongea mpaka mate yakauke. Haikati."

Mulenda akachukua ile isiyokata, mbili: moja ya mama mkwe na moja yake. Alichagua vizuri, na hilo likumbukwe, maana ni jambo la mwisho la akili alilolifanya siku ile.

Kisha akapewa simu ya touche aishike. Nyeusi, nyembamba, baridi kama jiwe la mtoni. Katika kioo chake akajiona: si fundi wa viraka tena, bali bwana mmoja ambaye huenda ana ofisi ya serikali kule Capital Hill. Alijigeuza upande, akajiona tena. Akamfikiria Mama Annuarite na vidole vyake vya kupura maharagwe. Akaanza kumbembeleza muuzaji, akambembeleza mpaka yule akachoka, na ndani ya hela ile ile ikapatikana na simu ndogo ya batani, yenye spika kubwa kama ya kanisani.

Juu ya kabaza, baiskeli ikimrusharusha kuelekea kambini, alishona uongo wake. Ulimtosha vizuri, hata mshono hauonekani.

Jioni alifika kwa mama mkwe. Kwao mkwe hampi mama mkwe kitu mkononi, wala hamkazii macho. Basi akaiweka simu ya batani juu ya kiti kidogo, akarudi nyuma karibu na mlango, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Mama, touche zilikuwepo," akasema. "Shida ni laini. Zile zinataka laini isiyofika kwenye block yenu. Muuzaji alisema kabisa, mutachoma hela bure."

Mama Annuarite akaichukua, akaigeuza, akatafuta mahali ambapo sura zingetokea.

"Basi si kitu," akasema. "Nitaendelea kubasikia. Merci, mwanangu. Umetembea mbali juu yangu."

Lile neno mwanangu lilimchoma Mulenda kidogo, kama sindano iliyosahauliwa kwenye kola. Hakulijali. Akamwelekeza mama batani ya kupokelea na ile ya spika, akasema anatoka barabarani ampigie, wajaribu.

Huko nje akaitoa touche yake mfukoni, akapiga.

"ALO!" ikanguruma nyumba nzima.

"Mama, munasikia?"

"Nasikia muzuri! Bamama ba kanisa banaingia sasa hivi kuiona. Wote banakusikia!"

"Sawa, mama. Bakieni na amani."

Sasa, simu yake ya zamani ilipozimika kioo, mazungumzo yalikuwa yamekwisha, na mara nyingi betri pia. Hii ya kifahari hakuwa ameizoea. Alibonyeza kitufe cha ubavuni, kioo kikawa cheusi, akaitia mfukoni akidhani imekatika. Haikukatika. Laini ndiyo ile isiyokata.

Rafiki yake Norbert alikuwa akimngoja kwenye kona.

"We bwana harusi, amekubali?"

"Amekubali nini, ameniita mwanangu! Akaishika ile kimeo kama samaki ya moto."

"Kimeo? Si alitaka touche?"

Mulenda akajipigapiga mfukoni. "Touche iko hapa, inapumzika kwa mwenyewe."

"Ee! We mubaya."

"Mubaya wapi? Mama ya vile atafanya nini na touche? Anasema anataka kuona batoto ba Vainqueur. Ataonea wapi, na yale macho hata mulango inayatoroka?" Akapapasa hewani kama kipofu, akapaza sauti ya kikongwe: "Aloooo! Mujukuu, uko wapi? Alooo!"

Norbert alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mulenda. Suruali yako inaongea."

Mfukoni mlitoka sauti ndogo ya mtu anayekohoa. Kisha mwingine. Mulenda aliimba kwaya na wale bamama tangu alipofika Malawi. Alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Halafu, taratibu, bila hasira, ikaja sauti ya Mama Annuarite:

"Alo, Mulenda. Mi bado niko. Mulango nimeuona, mwanangu. Ndo uleule ulitokea nawe."

Mulenda aliitoa simu, akabonyeza huku, akabonyeza kule, asijue pa kuizimia, mpaka Norbert akamnyang'anya na kuikata.

Kabla giza halijaingia, Gentille alimkuta kwake, ameinama juu ya cherehani isiyo na uzi.

"Mama anasema bantu benu kesho basikuje."

"Gentille, mi..."

"Nyamaza. Unajua alifanya nini? Alibaambia bamama, 'Pengine si yeye, pengine ni laini imechanganya sauti.' Alikutetea! Halafu we ukapiga ile Aloooo yako." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mi nilisema naolewa na fundi wa nguo. Sikujua na uongo unaushona."

Jumapili kanisani kila aliyekohoa alimkata Mulenda kipande. Ibada ilipokwisha hakungoja kusalimiwa. Alikwenda kwa Mama Annuarite, akaiweka touche juu ya kiti kilekile, akapiga magoti palepale mlangoni.

"Mama, ilikuwa yenu tangu dukani. Laini inafika. Nilibeba ya batoto ba Vainqueur nikajipa mi mwenyewe. Na macho yenu, mama... pardon."

Mama alimwita Gentille, akamwambia ampigie kaka yake kwa hiyo hiyo. Mulenda akainuka aondoke.

"Nani amekuambia uende?" mama akauliza. "Kaa."

Simu ililia kidogo, kisha kioo kikajaa mwanga, na ndani ya mwanga vichwa viwili vidogo, kimoja kikitafuna mkate. Mama Annuarite alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kati ya kicheko na kilio. Aligusa kioo kwa kidole, akalitaja pua la marehemu mumewe, ambalo kumbe lilikuwa limekwenda kuishi Australia kwenye uso wa mtoto. Mulenda aliona hayo, akatamani sakafu immeze. Kwa tamaa ya kujitazama kiooni, ni hiki alichotaka kuiba.

"Mulenda, kuja hapa. Batoto bakuone."

"Mama, mi ni mukwe, siwezi kukaa karibu..."

"Jana ndani ya simu ulikaa karibu yangu sana. Kuja."

Akasogea, akachuchumaa ubavuni mwake. Hakuthubutu kumgeukia, akatazama kioo. Na humo, pembeni chini, katika kipande kidogo, zilikuwepo sura zao wawili, na yale macho aliyoyacheka yalikuwa yakimtazama yeye moja kwa moja. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati.

"Bajukuu," mama akasema, "huyu ndo mukwe wangu, bwana ya shangazi yenu. Muangalieni muzuri."

Mtoto mkubwa aliacha kutafuna, akamwuliza bibi yake:

"Tate, mbona anaangalia chini?"

"Mumuache," akasema Mama Annuarite. "Iko anatafuta mulango."