Mawe Yaliyoota Darini

Kazi ile nilimtafutia mimi mwenyewe. Nilikuwa katibu wa meneja wa jengo, na mdogo wangu alikuwa amekaa kwangu mwaka mzima akinilelea watoto. Akapewa ndoo, ufagio na maegesho ya magari yaliyo chini ya ardhi.

Dari ya zege huko ilikuwa inavuja. Maji yalipenya kwenye nyufa, na kila tone liliacha chokaa kidogo, mpaka vikaota vijiti vyeupe vya mawe, vyembamba kama mirija ya soda na vyenye tundu katikati. Mdogo wangu alivipenda. "Dada, jengo lenu linaota meno," aliniambia siku ya kwanza.

Wiki ya tatu akalalamika kwamba maji yale yanamwasha mikono. Nikamweleza meneja.

"Maji ni maji," akasema, macho kwenye simu. "Avae glavu."

Glavu zenyewe hazikuletwa.

Kisha gari jipya la meneja likapata doa jeupe kwenye boneti. Lilisuguliwa wee, halikutoka. Rangi ilikuwa imelika. Kesho yake asubuhi fundi akaja na bati, akafunga kinga juu ya gari lile moja tu. Alipopanda ofisini kuomba sahihi alisema, "Bosi, yale si maji ya kuchezea. Yamebeba chokaa, yanaunguza."

Meneja akatikisa kichwa kukubali, akanigeukia. "Mwambie mdogo wako avivunje vijiti vyote vya darini kabla wageni hawajafika."

Nilishuka. Ningeweza kumwambia alichosema fundi. Nilimwambia, "Bosi anataka pasafishwe, fanya haraka."

Alipanda ngazi na mpini wa ufagio. Kijiti cha kwanza kilipokatika, maji yaliyokuwa yamejaa ndani yalimwingia jichoni. Akajifuta kwa mkono wa sare, akaendelea kuvunja, maana nilikwisha sema haraka. Mpaka jioni jicho lilikuwa jeupe kama la samaki aliyechemshwa.

"Mlimwosha kwa maji safi palepale?" daktari alituuliza.

Nikamwambia alijifuta kwa mkono wa sare tu. Akaandika kitu kwenye faili na kulifunga.

Siku ya pili meneja alinisomea barua, nami nikachapa. Mfanyakazi alipuuza maelekezo. Alikataa kuvaa miwani ya kinga. Miwani hiyo haikuwahi kuwapo. Vidole vyangu vilisita kwenye "alikataa".

"Una watoto wangapi vile?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Nikamaliza sentensi, na nukta nikaiweka.

Mdogo wangu aliisoma barua yake ya kuachishwa kazi akiwa kwenye kochi langu, kwa jicho lililobaki, polepole, mpaka chini kabisa kwenye herufi mbili za jina la mchapaji.

"Umeandika vizuri, dada," akasema. "Hakuna kosa hata moja."

Kesho yake alihamia kwa shangazi yetu. Nilipomfuata, shangazi alinizuia mlangoni. "Wanasema damu nzito kuliko maji," akaniambia. "Yako ni nyepesi kama chai ya ofisini."

Mimi bado nipo kazini. Nikimpigia simu mdogo wangu hupokea, huniamkia kwa adabu zote, huwaulizia watoto mmoja mmoja. Kisha hunyamaza, hakati, akisubiri nikate mimi.