Shangazi Atoke Nje

Mshauri wa ndoa alimsindikiza mlangoni shangazi aliyewaleta wanandoa. "Samahani, shangazi. Ni maadili ya kazi. Ya humu ni siri ya hawa wawili."

Akafunga mlango. Mume akakodolea macho dari, mke akakodolea macho viatu. Wangesemaje, na msemaji wao yuko nje amenuna?

Mshauri alibembeleza weee, mwisho akasalimu amri, akamwita. Shangazi akamwaga yote bila kupumua, ya mume na ya mke, mpaka wenyewe wakaangua kicheko. Kisha akamkazia mshauri macho.

"Na wewe, baba, hiyo pete unaizungusha tangu tuingie. Mkeo kakununia?"

Machozi yakamlengalenga mshauri. Shangazi akawageukia wanandoa.

"Haya, tokeni nje. Maadili ya kazi."